Siku Nne Bonde la Kathmandu: Lala Bhaktapur, Tembea kwa Miguu

Tukisikia Nepal, wengi wetu tunawaza Everest na wapanda milima wenye barafu kwenye nyusi. Mtu anaona safari hiyo si yake, anageuza ukurasa. Lakini chini ya milima hiyo kuna bonde lililo mita 1,400 hivi juu ya bahari, karibu sawa na Lushoto, lenye mashamba ya mpunga, miji ya matofali mekundu na mahekalu ya mbao yanayotumika hadi leo. Hakuna barafu na hakuna mitungi ya oksijeni. Anayeweza kutembea saa nne kwa mwendo wake analiweza.

Wenyeji husimulia kwamba zamani bonde zima lilikuwa ziwa, hadi Manjushri, mtakatifu wa Kibudha, alipokuja na upanga wake akaupasua mlima pale Chobhar, maji yakatoka. Wanajiolojia nao wanasema ziwa lilikuwepo kweli. Lilipokauka likaacha udongo mweusi wanaouita kalimati, na huo ndio wa kuukumbuka tangu mwanzo wa safari: umerutubisha mpunga, umechomwa ukawa matofali, na bado unafinyangwa vyungu mbele ya macho ya mpita njia. Waliojenga bonde hili ni Wanewari, watu wenye lugha yao, Nepal Bhasa. Baada ya mfalme Yaksha Malla kufariki mwaka 1482, ufalme uligawanyika, ikabaki miji mitatu yenye wafalme wake: Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Ilishindana miaka karibu 300, na ilishindana kwa kujenga pia: huyu akiinua hekalu, yule anainua refu zaidi. Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, nje ya bonde, aliiteka yote mwaka 1768 na 1769, lakini majengo yakabaki. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979.

Shauri langu kubwa nalitoa mapema: usiweke kambi Thamel, mtaa wa watalii wa Kathmandu. Makampuni mengi ya utalii hukulaza huko, kisha hukuleta Bhaktapur saa nne asubuhi na kukuondoa saa nane mchana, yaani hukuonyesha mji huo katika saa zake mbovu kuliko zote. Bhaktapur ni mji wa alfajiri na jioni.

Kabla ya kukata tiketi

Nenda Oktoba au Novemba. Mvua za masika yao, kuanzia Juni hadi Septemba, zinakuwa zimeisafisha hewa, na mpunga unavunwa. Machi na Aprili ni nafasi ya pili: maua yapo, ila ukungu wa vumbi huficha milima siku nyingi. Desemba na Januari kuna baridi kali usiku, na nyumba nyingi za wageni hazina kipasha joto. Angalia pia sikukuu ya Dashain, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Watu hurudi makwao, ofisi hufungwa, na kupata basi ni kazi. Ukiikuta, ni raha kuitazama, mradi uwe umeshaweka nafasi ya kulala.

Kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar hutapata ndege ya moja kwa moja. Njia rahisi ni kupitia Doha, Dubai au Sharjah. Ndege za kutoka Ghuba kwenda Kathmandu hujaa Wanepali wanaorudi likizo, wengi wao wafanyakazi wa ujenzi, hoteli na ulinzi. Msomaji unayefanya kazi Qatar au Emirati bila shaka umeshakaa nao meza moja. Waulize kabla hujasafiri. Wana maelezo ambayo hakuna kitabu kitakupa, na wengine watakupa namba ya ndugu yao wa kukupokea. Ukiwa unaelekea Kathmandu, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Nusu saa ya mwisho, mawingu yakiruhusu, utaona ukuta mweupe umesimama juu ya mawingu. Mimi nilidhani ni mawingu mengine, mpaka jirani yangu akanigusa bega.

Viza hutolewa kwenye uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu, kwa pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Jaza fomu mtandaoni wiki moja kabla, uichapishe, upange foleni moja tu badala ya mbili. Nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Somalia na Ethiopia, zimo kwenye orodha ya wanaotakiwa kuomba ubalozini mapema, na orodha hizi hubadilika, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipia tiketi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Beba dola safi zisizochakaa, maana shilingi hakuna atakayeipokea. Badilisha kidogo uwanjani, nyingine utoe kwenye mashine za ATM mjini, na uweke akiba ya noti ndogo za rupia kwa mabasi na chai.

Saa yako iongeze saa mbili na dakika 45. Ndiyo, dakika 45. Na ukiona kwenye gazeti lao mwaka umetutangulia kwa miaka 56 au 57, si kosa la chapa. Wanafuata kalenda yao, Bikram Sambat. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko, na mahekalu hujaa siku hiyo.

Kwenye begi: sweta nzito na koti jepesi la mvua, viatu vilivyozoea mguu wako, barakoa kwa ajili ya vumbi la barabarani, tochi, soksi za kutosha kwa sababu utavua viatu mara nyingi, na dawa ya kuharisha pamoja na pakiti za chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Maji ya bomba usinywe.

Siku ya kwanza: uwanjani hadi Bhaktapur

Toka uwanjani, usigeuke magharibi kuelekea katikati ya Kathmandu. Elekea mashariki. Bhaktapur iko kilomita kama 10 hivi kutoka uwanjani, kwenye barabara ya Arniko, iliyopewa jina la fundi wa Kinepali aliyeitwa hadi makao ya Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, karne ya 13. Chukua teksi ya kulipia kabla pale kaunta, au tumia programu za usafiri za Pathao na inDrive, ambazo hukuonyesha bei kabla hujapanda.

Mgeni hulipa kiingilio cha mji mzima wa kale, na hiki ndicho ghali kuliko vyote bondeni. Tenga rupia 2,000. Mwambie karani kwamba utalala siku kadhaa, mwonyeshe pasipoti, aandike kwenye tiketi. Tunza hiyo tiketi kama unavyotunza risiti ya mahari, kwa sababu utaulizwa kila unapopita lango. Pesa hizi ninazilipa kwa moyo mweupe. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, liliua watu karibu 9,000 nchini kote na kuangusha sehemu kubwa ya mji huu. Pita mitaa ya nyuma utakuta mafundi wanachonga mihimili kwa patasi, kama walivyofanya babu zao.

Jioni hiyo usifanye mengi. Tembea hadi uwanja wa Taumadhi, panda ngazi za hekalu la Nyatapola, uketi.

Nyatapola lilijengwa mwaka 1702 na mfalme Bhupatindra Malla. Lina mapaa matano, urefu wa mita 30 hivi, na limesimama katika tetemeko la 1934 na lile la 2015. Ngazi zake zina walinzi wawiliwawili wa mawe. Chini kabisa ni wacheza mieleka wawili waliopiga goti, ambao husemwa walikuwa na nguvu mara 10 ya mtu wa kawaida. Juu yao tembo, mara 10 ya wale, kisha simba, kisha wanyama wenye midomo ya ndege, na mwisho miungu wa kike wawili, wadogo kwa umbo kuliko wote. Nilikaa kati ya tembo na simba mpaka taa zikawashwa. Watoto walikuwa wakiteleza juu ya mgongo wa tembo, na jiwe pale wanapoteleza limekuwa laini na jeusi, linang'aa kama kizingiti cha nyumba ya zamani.

Ukishuka, agiza juju dhau, maana yake mfalme wa mitindi. Ni mtindi wa maziwa ya nyati wa kufugwa ulioganda ndani ya bakuli la udongo. Bakuli hunyonya maji, mtindi unakuwa mzito hata ukiinamisha hauanguki. Utamu wake una harufu ya moshi kidogo.

Siku ya pili: alfajiri, wafinyanzi, kisha Nagarkot

Amka saa kumi na moja. Ukifika mtaani utasikia kengele kabla hujaona mtu. Wanawake wanatoka na visinia vyenye mchele, maua na unga mwekundu, wanapita kwenye kila kihekalu kilicho njiani. Wazee wameketi kwenye mabanda ya wazi yenye sakafu ya mbao yaliyojengwa pembezoni mwa barabara. Huyaita pati, nasi tungeyaita baraza bila kusita, kwa sababu kazi ni ileile: habari za mji, nani kaumwa, nani kaoza binti. Mahali pengine hukutana kuimba nyimbo za ibada kwa ngoma na matoazi. Unaweza kukaa ukingoni, ukasikiliza. Hakuna atakayekufukuza.

Fanya mzunguko huu kwa miguu kabla ya saa nne. Kutoka Taumadhi nenda Uwanja wa Kasri, utazame Lango la Dhahabu na kasri lenye madirisha 55. Ndani kuna hekalu la Taleju, ambalo wasio Wahindu hawaingii. Simama mlangoni, usibishane na askari. Kisha fuata barabara ya matofali kuelekea mashariki hadi Dattatreya, hekalu la karne ya 15, ambalo wenyeji husema mbao zake zilitoka kwenye mti mmoja. Kwenye kichochoro cha pembeni yake liko dirisha la tausi. Mtu aliyekua akipita kando ya milango ya Zanzibar au Lamu atalielewa dirisha hili haraka: tausi mmoja katikati, amekunjua mkia duara zima, na kila unyoya umechongwa peke yake. Uliangalie taratibu, maana watalii wengi hupiga picha moja wakaondoka.

Halafu nenda uwanja wa wafinyanzi, kusini kidogo ya Taumadhi. Hapa ndipo ule udongo wa ziwa unaporudi. Mzee anazungusha gurudumu zito kwa mti mrefu, mara kumi, mara ishirini, hadi linalia. Anautupa mti, anainama, na kabla kasi haijaisha ameshatoa bakuli tatu kutoka kwenye donge moja. Anakata kwa uzi. Mkewe anazipanga juani, mamia yake, mistari kwa mistari, na Oktoba utakuta mpunga umeanikwa hapohapo kando ya vyungu, kuku wakifukuzwa. Vyungu huchomwa chini ya majani makavu na majivu. Bakuli uliyolia mtindi jana ilipita kwenye mikono ya namna hii. Ukitaka kumpiga mfinyanzi picha, omba kwanza, na ununue kitu hata kama ni kidogo.

Hapa maneno machache yatakusaidia kuliko ramani. Kama sisi, Wanepali humwita mgeni kwa jina la undugu: dai ni kaka mkubwa, didi dada mkubwa, bhai na bahini ni wadogo zako. Anza na namaste ukiunganisha viganja kifuani, kisha useme "dai" au "didi", uone uso unavyofunguka. Kati ho? ni bei gani. Mitho chha, ni tamu. Bistarai ni polepole, na utamwambia sana dereva.

Saa tisa alasiri nenda Kamalbinayak, kaskazini mashariki mwa mji, upande basi la Nagarkot. Ni la wenyeji, limejaa kama daladala ya jioni, na huchukua saa moja hadi moja na nusu kupanda kona. Nagarkot, kijiji cha kilimani cha kutazamia milima, iko mita 2,100 na kidogo tu juu ya bahari, kwa hiyo hutapata shida ya kupumua, lakini baridi ya usiku utaijua. Omba chumba kinachotazama kaskazini, uombe na blanketi la pili kabla wenye nyumba hawajalala.

Siku ya tatu: macheo, kisha kushuka kwenda Changu Narayan

Oktoba jua huchomoza karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo uwe nje nusu saa kabla. Mstari wa milima huanza kuwa wa buluu, kisha vilele vinashika rangi ya waridi kimoja baada ya kingine, vile virefu kwanza. Langtang Lirung, wenye zaidi ya mita 7,200, ndio utakaoujua mapema upande wa kaskazini. Everest, wanaouita Sagarmatha, siku safi kabisa huonekana kama nukta mbali mashariki. Anayekuahidi kwamba utauona mkubwa anakudanganya. Mimi sikuuona, na sikujutia.

Kunywa chai, ile chiya yao ya maziwa, tangawizi na iliki ambayo utadhani imepikwa kwenu, kisha anza kushuka. Hadi hekalu la kale la Changu Narayan ni mwendo wa saa nne au tano. Sehemu ya kwanza hufuata barabara hadi Telkot. Asiye na nguvu za kutosha apande basi hadi hapo, kisha atembee saa mbili zilizobaki. Kutoka Telkot njia hupanda kwenye mgongo wa kilima, kati ya misonobari, na mashamba ya ngazi yanashuka pande zote mbili. Utakutana na wanawake wenye mizigo ya majani iliyofungwa kwa mkanda wa kichwani. Wapishe, njia ni yao. Kila penye njia panda uliza "Changu?" ukionyesha kwa mkono.

Hekalu liko kileleni mwa kijiji. Mbele yake kuna nguzo yenye maandishi ya mfalme Manadeva ya mwaka 464, na karibu nayo Garuda, ndege anayembeba mungu Vishnu, amepiga goti, sura yake ya binadamu, mabawa yamefunika mgongo. Soma mwaka huo mara ya pili: 464. Vinyago vya mawe vya Vishnu vilivyozunguka ua viko wazi tu, watu huvigusa na kuvipaka unga mwekundu, na kuku hupita katikati. Kwangu mimi hapa pana thamani kuliko uwanja wowote wa Kathmandu, na siku za katikati ya wiki unaweza kuwa peke yako. Basi za kurudi Bhaktapur hupatikana chini ya kijiji. Lala tena Bhaktapur, miguu itakushukuru.

Siku ya nne: Patan mchana, Boudha jioni

Chukua teksi hadi Patan asubuhi. Hekalu la Krishna la mwaka 1637, la mawe matupu katikati ya mahekalu ya matofali, lina vilele 21. Jumba la makumbusho ndani ya kasri ni bora kuliko yote niliyoyaona nchini humo, lipe saa mbili. Kisha tafuta Hekalu la Dhahabu, ua wa Kibudha uliojificha nyuma ya mlango mdogo. Viatu na mkanda wa ngozi vinabaki nje. Mitaa ya jirani ni ya mafundi wa shaba wanaochonga sanamu kwa nta, wakaifunika kwa udongo, wakayeyusha nta na kumimina shaba. Ukinunua, chukua kitu kipya na risiti: kitu chenye zaidi ya miaka 100 hakiruhusiwi kutoka nchini.

Kuhusu chakula, sambusa za mvuke ziitwazo momo utazikuta kila kona, na "buff" ni nyama ya nyati. Kuchinja ng'ombe ni kosa la jinai, usiulize hata kwa utani. Msomaji Mwislamu atakula bila wasiwasi wali na dengu, dal bhat, ambao huongezwa sahani ikipungua. Na Kathmandu penyewe kuna Jame Masjid karibu na mnara wa saa, Ghantaghar, ambako majirani watakuelekeza migahawa ya halali. Usimwonjeshe mtu kutoka kwenye sahani yako wala usinywe chupa ikigusa mdomo kisha ukampa mwenzio. Kwao kilichoguswa na mdomo kimeharibika.

Ukiwa njiani kwenda Boudha unaweza kupita Pashupatinath, hekalu kubwa la Wahindu kando ya mto Bagmati. Huko maiti huchomwa ukingoni. Utakaowakuta pale ni wafiwa. Weka simu mfukoni.

Boudha uwe umefika kabla ya magharibi. Ni stupa, yaani kuba la ibada la Wabudha, moja kubwa nyeupe yenye macho yaliyochorwa pande nne. Tetemeko liliharibu kilele chake, kikakamilika tena Novemba 2016. Watibeti waliokimbia nchi yao kuanzia 1959 walikaa jirani, na kila jioni wao na Wanepali huizunguka, mkono wa kulia ukiwa upande wa stupa, shanga vidoleni. Ingia kwenye mkondo wa watu, uzunguke nao kwa mwelekeo huohuo. Lala hapo, kwa sababu uwanja wa ndege uko karibu.

Asubuhi fika uwanja wa ndege muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, ukaguzi ni mara kadhaa na foleni za wanaokwenda kazini Ghuba ni ndefu. Kaunta omba tena kiti cha dirishani, safari hii upande wa kulia.